Sauti Zilizotoka Dukani kwa Ssalongo

Aber mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Bugolobi kuwaaga wenzako, na begi lako limebaki mlangoni. Nimekaa jikoni nalitazama. Mambo ya dawa ya mbu, namba ya shangazi yako na basi la asubuhi nimekwisha kukuambia mpaka umechoka, sitayarudia. Kuna jambo lingine ambalo nimeshindwa kulisema wiki zote hizi tukiwa tumekaa uso kwa uso, na nikiliacha mpaka kesho kituoni najua nitalia kabla sijafika katikati.

Yule mama mwenye duka la muziki Kisumu alipopiga simu kusema amekupa nafasi ya mafunzo ya kazi, ulirukaruka humu ndani, ukanikumbatia, nami nikacheka pamoja nawe. Lakini kabla ya hapo nilikuwa namwomba Mungu yule mama aseme nafasi imejaa. Niliomba hivyo kanisani, nimefumba macho kama watu wengine wote. Wewe ulidhani naona aibu binti yangu kwenda kufungua vinanda vibovu na kufunga nyuzi za magitaa badala ya kukaa ofisini. Sivyo, mwanangu. Unajua kwamba mimi pia, nilipokuwa mwanafunzi, nilifanyia mafunzo yangu katika duka dogo la muziki kule Kamwokya, hapa hapa Kampala. Usilolijua ni yaliyonipata pale.

Nilikuwa na umri kama wako. Chuo kilitaka kila mmoja wetu ajitafutie mahali pa kujifunzia kazi, na wenzangu walikuwa na wajomba katika maofisi ya mjini. Mimi nilikuwa na mama tu, bibi yako, aliyekuwa akikaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, na kuviuza asubuhi kando ya barabara. Mteja wake mmoja alikuwa fundi mwenye duka la kaseti, Mganda mnene mwenye sauti ndogo, ambaye kila mtu alimwita Ssalongo kwa sababu ya mapacha wake. Bibi yako alimweleza shida yangu huku akimfungia vitumbua kwenye gazeti. Ssalongo akasema nije.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja. Ukutani zilipangwa kaseti mpaka darini, magitaa manne au matano yalining'inia kwenye misumari yakingoja wenyewe, na nyuma ya pazia palikuwa na meza yenye redio kaseti mbili na kipaza sauti kimoja kilichofungwa kwa utepe mweusi. Nilidhani nitajifunza kuuza muziki. Muziki uliuzwa, ndiyo, lakini kazi iliyomlisha Ssalongo ilikuwa nyuma ya pazia. Simu za kwenda mbali zilikuwa ghali siku hizo, na watu wengi wa Kamwokya walikuwa na wapenzi wao mahali ambapo hata posta haikufika. Basi walikuja kwa Ssalongo, wakaketi mbele ya kile kipaza sauti, wakazungumza. Kaseti akapewa dereva wa lori. Wakongo walituma Bukavu na Uvira, wake wa askari walituma Gulu na Moroto, na wengine walituma mbali zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Sudan. Wote tuliongea nao Kiswahili, kila mtu na chake.

Kazi yangu ilikuwa kumkaribisha mtu, kumwonyesha pa kusemea, kubonyeza kitufe, kisha kukaa kimya. Hilo la kukaa kimya ndilo lililonishinda.

Maana watu hawajui kuongea na mashine. Taa nyekundu ikiwaka, mtu aliyekuja amejaa maneno anaanza kukohoa. Anatazama dari. Mbuzi wa jirani analia, mtoto anapiga kelele nje, muuza maji anapita na baiskeli yake akigonga madebe, na utepe unazunguka tu. Mimi nilikuwa msichana wa chuo, nimefundishwa kwamba kazi safi ni kazi isiyo na makosa, na kila kaseti nilipoisikiliza niliona makosa matupu.

Alikuwepo mteja wetu mmoja, Mama Riziki, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu. Kila mwezi alimrekodia mama yake mzazi, mwanamke mzee aliyebaki kule akilea wajukuu. Mama Riziki alikuwa mtu wa kucheka sana sokoni, lakini akikaa mbele ya kipaza sauti alikuwa anasema maneno mawili, ananyamaza, anapenga kamasi, anasema mengine mawili. Mwezi mmoja Ssalongo alikwenda Masaka kwenye msiba, akaniachia duka. Nikaona ndiyo nafasi yangu ya kufanya kazi vizuri. Nilichukua kaseti ya Mama Riziki, nikaiweka kwenye mashine moja, nikaweka kaseti mpya kwenye nyingine, nikarekodi upya huku nikisimamisha kila penye ukimya, kila penye mbuzi, kila penye kikohozi. Ilinichukua siku nzima. Nilipomaliza, maneno ya Mama Riziki yalifuatana moja kwa moja, safi kama taarifa ya habari. Nilijivuna, Aber. Nikampa dereva ile niliyoisafisha.

Jibu lilikuja upesi kuliko kawaida, na siku hiyo Ssalongo alikuwa amekwisha kurudi. Mama Riziki alikuwa na haraka, akaomba tumwekee papo hapo dukani, mbele ya wateja. Sauti ya yule bibi wa Bukavu ilitoka ikitetemeka. Hakusalimu hata. Alimwita binti yake kwa jina alilompa yeye mwenyewe, akasema:

"Furaha, wamekufungia wapi? Sikusikia watoto, sikusikia hata mbuzi. Unasema haraka kama mtu anasomeshwa. Kama hawakuruhusu kusema, mwezi ujao kohoa tu, nitajua."

Halafu akaendelea kueleza kwamba tangu siku aliyoisikia kaseti ile hakula vizuri, kwamba amewauliza wafanyabiashara wote wanaotoka Kampala, na kwamba kama hasikii lolote atakuja mwenyewe kumtafuta mtoto wake, hata kwa magoti yake mabovu. Kule kwao mambo yalikuwa yameanza kuchafuka siku hizo, watu walikuwa wanapotea kweli. Hakuwa mjinga yule mama. Alisikia kwamba mahali alipo binti yake pameondolewa, akafikiri kama ambavyo mama yeyote angefikiri.

Mama Riziki alikaa chini sakafuni, pale pale katikati ya wateja. Alinitazama mimi, kwa sababu ndimi niliyebonyeza kitufe, akauliza nimefanya nini na sauti yake. Nilimweleza. Hakunitukana. Alisema tu kwamba anataka kurekodi nyingine sasa hivi, na kwamba mlango uachwe wazi.

Ssalongo naye hakunigombeza mbele za watu. Jioni tulipokuwa tunafunga madirisha ndipo aliponiambia, kwa Kiswahili chake kile cha Kampala, "Akello, huyu mama anatumanga nyumba mzima. Wewe umetuma maneno tu."

Dereva aliyekuwa anaondoka kesho yake aliombwa aipeleke ile kaseti mpya mkononi kwa yule bibi, asimwachie mtu. Ilikuwa na kila kitu ndani: mbuzi, mvua kwenye mabati, mimi nikiomba radhi kwa mbali, na Mama Riziki akikohoa kwa makusudi na kucheka. Bibi wa Bukavu akatulia, hakufunga safari. Lakini mimi sikutulia upesi. Kwa siku nyingi nikilala nilisikia ile sauti ikisema kohoa tu, nitajua, na nilianza kufikiria nyumbani kwetu.

Sasa nikueleze habari ya babu yako. Picha yake unaijua, ile aliyovaa sare na mkanda mweupe. Alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya jeshi, jeshi lile la zamani. Vita vilipofika Kampala mwaka ule wa 1986, wenzake walianza kukimbilia kaskazini kwao, naye akaondoka nao. Mimi nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka aliomba maji ya kunywa, akanywa amesimama, akasema atarudi mambo yakitulia. Mambo yalitulia, sisi tukatolewa katika kambi ya jeshi tulimokuwa tunaishi, tukapanga chumba Kamwokya, yeye hakurudi. Bibi yako hakumzungumzia. Alifunga Ramadhani zake, akanipeleka mimi kanisani kila Jumapili kwa sababu ndivyo baba yangu alivyotaka, na mtu akimuuliza kama ni mjane alibadilisha mazungumzo.

Ssalongo alipata kusikia jina la baba yangu siku moja tulipokuwa tunapanga kaseti, akawauliza madereva. Alifanya hivyo bila kuniambia. Baada ya muda, dereva mmoja wa njia ya Sudan akaja na habari kwamba katika makazi fulani ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka yuko Mwacholi mmoja, wa kabila la baba yangu, anayefundisha watoto wa kanisa kupiga tarumbeta, na kwamba watoto wale wanasimama kwa mstari kama askari.

Nilikimbia nyumbani kumwambia bibi yako. Alikuwa anaponda ndizi. Aliendelea kuponda. Nikamwambia twende tukarekodi, kaseti itafika, Ssalongo atatufanyia. Akaniuliza atamwambia nini mtu aliyejua njia ya kwenda akashindwa kuijua njia ya kurudi. Nikanyamaza, kwa maana nilikuwa nimeanza kujifunza. Zilipita siku kadhaa. Halafu asubuhi moja alikuja dukani mwenyewe, amevaa ile leso yake ya Idi, akaketi nyuma ya pazia kabla hata sijamkaribisha.

Nilibonyeza kitufe, na bibi yako akakaa bila kusema neno. Utepe ulizunguka, ukazunguka. Nilisikia pumzi yake, nikasikia pete yake ikigonga meza. Nilitaka kumsogelea, nilitaka kumpa la kusema, nikaikalia mikono yangu. Nilidhani upande mzima utakwisha. Mwishowe akaanza, kwa sauti ya kila siku, kama baba yangu yuko chumba cha pili. Akamwambia kwamba Akello amekuwa mrefu na anasoma chuo. Akamwambia viatu vyake vyeusi amempa shemeji, asije akavitafuta. Akamweleza nyumba ilipo, nyuma ya kisima, mlango wa bluu. Kisha akanifanyia ishara nizime.

Tulingoja kaseti ya majibu. Mafunzo yangu yalikwisha, nikapata cheti changu, nikawa bado napita dukani kila jioni kuuliza. Kaseti haikuja. Alikuja mwenyewe, wakati wa mvua nyingi, amekonda, mvi zimemjaa. Nilikuwa ndani nafua. Nilisikia bibi yako akisema, "Kaa hapo pakavu." Nilipotoka nilimkuta mwanamume amekaa kwenye kigoda akinitazama, na mimi niliyemwota miaka yote ile nikashindwa hata kumpa mkono, kwa sababu mikono ilikuwa na povu.

Usiku ule ule wa kwanza alimwambia bibi yako ukweli. Kule alikokuwa alikuwa ameoa, na alikuwa na watoto wadogo. Alisema alidhani sisi tumekufa au tumehama, kisha akasema hapana, si kweli, hakuwa amedhani hivyo, aliona haya tu. Nilitaka afukuzwe. Bibi yako alimwekea chakula. Akamwambia, "Umekuja kunieleza mwenyewe. Nilikuwa nakungoja kwa hilo pia."

Alikaa nasi mpaka mvua zilipopungua, halafu akasema watoto wake wanamngoja. Bibi yako alimfungia vitumbua vya njiani. Mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka kituo cha mabasi, nikiwa na hasira. Pale kituoni aliniuliza kama ni mimi niliyerekodi ile kaseti. Nikasema ndiyo. Akasema aliisikiliza mara nyingi, na kwamba sehemu aliyoirudia zaidi ni ya mwanzo.

"Pale anaponyamaza," alisema. "Maneno yangenipa nafasi ya kujitetea. Ule ukimya ndio ulioniinua nikaja."

Akapanda basi. Alikuja tena mara mbili katika miaka iliyofuata, na wewe hukuwa umezaliwa alipofariki huko huko. Mimi na bibi yako hatukuelewana kwa muda mrefu juu ya jambo hili. Nilimlaumu kwamba alimwachia kirahisi. Nilimwambia angepigana, angelia, angemtaja Mungu. Alinisikiliza, na siku moja tu ndipo aliponijibu: akasema alitaka kujua kama mtu wake yuko hai, akamwona yuko hai, akamlisha kwa mikono yake, na kwamba mimi nitaelewa nitakapokuwa na mtu wangu wa kumngoja. Nilikasirika zaidi. Nikaacha kupita dukani kwa Ssalongo, nikachukua kazi ya ofisi hapa Ntinda, na kwa miaka sikugusa kaseti wala kinanda. Nilijiambia kwamba vitu vile vinamleta mtu karibu ili akuumize vizuri.

Halafu ukazaliwa wewe, ukakua, ukaanza kufungua redio za majirani kwa kisu cha mezani. Unakumbuka nilivyokunyang'anya ile redio ya kwanza? Ulikuwa umeifungua yote, vipande vimepangwa kwenye mkeka kwa ukubwa. Ulilia kwa sababu nilivichanganya. Nilikuwa naogopa, Aber, na sikujua naogopa nini. Tangu baba yako afariki, nyumba hii ni mimi na wewe, na nimezoea kusikia unavyotembea ndani yake. Najua unapoamka vibaya kwa jinsi unavyofungua bomba. Najua ukiwa na furaha kwa sababu unagonga kijiko kwenye sufuria kabla ya kukiosha. Nilipoomba ukose nafasi, nilikuwa najiombea mimi. Bibi yako alikuwa na haki, nimepata mtu wangu wa kumngoja.

Sikuandikii ili ubaki. Ukiniambia asubuhi kwamba umebadili nia kwa sababu ya barua hii, nitakubeba mpaka kwenye basi mwenyewe. Nenda. Yule mama wa Kisumu alisema kwenye simu kwamba duka ni dogo na kazi ni nyingi, na kwamba watu wanaleta vyombo vyao vikiwa vimevunjika vibaya. Utakosea. Pengine utaharibu kitu cha mtu anachokipenda, ukidhani unakitengeneza, kama nilivyofanya mimi. Ikitokea, mwambie mwenyewe siku hiyo hiyo, usimngoje mwenye duka akusemee. Mama Riziki alikuwa rafiki yangu mpaka alipohama mji huu, na urafiki wetu ulianzia pale sakafuni.

Na uwasikilize watu wanaokuja na gitaa bovu. Mara nyingi si gitaa peke yake lililowaleta.

Kitu kimoja tu nakuomba mimi, kwa faida yangu. Ukitaka kunipigia simu, usitoke nje ukatafute mahali palipotulia. Nipigie ukiwa dukani, watu wakijaribu vinanda, mwenye duka akiuliza bei ya waya, pikipiki zikipita. Ukikosa la kusema, usiseme. Acha simu wazi kidogo. Mimi nitakuwa naosha vyombo huku, nawe utasikia maji.

Kesho kituoni sitaongea sana. Utaniona nimekunja uso, nahangaika na tiketi na kumfokea kondakta. Usidhani nimekasirika, wala usidhani nimejuta kukuruhusu. Ni kwamba nitakuwa nakutazama shingo, ile sehemu ya nyuma ambapo nywele zako hazikubali kufungwa, ninayoijua tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni na bibi yako. Nataka niiangalie mpaka basi ligeuke kona.

Nimeandika mpaka mwanga umeniishia, maandishi ya mstari huu siyaoni vizuri. Nakusikia langoni. Unaagana na mtu, unacheka, sasa unauliza kwa sauti kwa nini nyumba iko giza na kama kuna mtu ndani.

Ngoja, mwanangu. Naja kukufungulia.

Mama yako